Msiwashe Taa

Van ya bluu ilipita taa nyekundu bila hata kugusa breki.

Sindano naye hakugusa.

Alikuwa mita arobaini nyuma yake, juu ya Yamaha nyeusi, kifua kimelalia tangi, Glock ikimkwaruza ubavu. Saa mbili na dakika tano asubuhi. Jua lilishaanza kuchoma lami, na watu waliokuwa wakienda kazini waliruka pembeni huku wakitukana kila walichoweza kukitukana.

Redio ikakoroma sikioni.

"Sindano, hapa Mkuu. Unaliona?"

"Ninaliona."

"Namtaka dereva akiwa hai."

"Mwambie yeye. Mimi naendesha taratibu."

Ulikuwa utani, na Mkuu hakucheka. Inasemekana alicheka mara moja tu maishani, siku aliyopandishwa cheo, na hata siku hiyo alifunga mlango kwanza.

Kwenye makutano ya reli kizuizi kilikuwa kimeshashushwa. Dereva wa van alikata kona kwa nguvu. Gari lilikubali nusu, likakataa nusu, kisha likaikumbatia nguzo ya umeme.

Sindano alifika mlangoni bastola ikiwa mkononi, lakini haikuwa na kazi tena. Usukani ulikuwa umezama kifuani mwa dereva, mwanamume wa makamo, nadhifu, shati limepigwa pasi. Alimtazama Sindano kama mtu anayemwonea huruma.

"Umechelewa, dada," alisema. "Limeshaingia ndani."

Akafa akitabasamu. Kuna watu hata kufa wanakufa kwa jeuri.

Nyuma ya van kulikuwa na sanduku tupu la filamu za eksirei. Filamu zenyewe zilitupwa sakafuni, zimeanza kubadilika rangi kwa jua. Kulikuwa na mfuko mweusi uliochanika, betri nne za Duracell, vipande vya waya, na jicho la kioo dogo kama punje ya dengu. Sindano alilishika jicho lile kwa ncha za vidole. Alilijua. Ukiliunganisha na bomu, gizani linalala. Mwanga ukiligusa, linaamka, na linaamka mara moja tu.

Kisha akaona kinasa sauti, Sony ya kutosha kiganjani. Akabonyeza.

Ulikuwa mluzi. Ulipanda ngazi tatu, ukateleza chini, ukamalizia kwa kimkia kilichoinuka kama swali.

Sindano aliurudisha nyuma, akausikiliza tena. Alikuwa akiusikia mluzi ule tangu akiwa na miaka minne. Ulikuwa mluzi wa mjomba wake.

*

Mjomba ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Kila jioni alipofika mwanzo wa uchochoro alipiga mluzi ule, na Sindano alijibu dirishani kwa sauti mbili, moja fupi na moja ndefu, kisha akakimbia kufungua mlango. Miaka ikaenda. Mtoto akawa jasusi, jambo ambalo mjomba aliambiwa kuwa ni kazi ya bima. Hakuamini hata siku moja, ila hakuuliza.

Yeye mwenyewe alifanya kazi gizani kwa miaka thelathini na moja, kwenye kiwanda cha filamu za eksirei. Filamu ni kitu cha ajabu: imetengenezwa ili ione mwanga, lakini ikiuona kabla ya siku yake inakufa. Kwa hiyo kila kitu, kuanzia kuipaka dawa hadi kuifunga kwenye sanduku, hufanyika kwenye giza totoro. Hakuna hata kijitaa. Wafanyakazi hutembea mkono wa kulia ukiwa kwenye chuma cha ukutani, na kila mmoja hupiga mluzi wake, usiofanana na wa mwingine, ili wasigongane wakiwa wamebeba visu na magurudumu mazito ya filamu. Mle ndani mluzi ndio sura ya mtu. Asiyepiga mluzi huguswa bega na kuulizwa kama anaumwa.

Sasa kuna mtu alikuwa ameinasa sura ya mjomba na kuingia nayo.

Sindano alibonyeza redio. Alimweleza Mkuu kwa ufupi, na hakukuwa na mengi ya kueleza, kwa sababu wote wawili walikuwa wakimlinda mtu yuleyule. Ghorofa ya tatu ya hospitali kuu kulikuwa na karani wa ghala mwenye risasi karibu na pafu. Karani huyo aliyaona kwa macho yake masanduku ya bunduki ambayo wageni fulani wenye suti nzuri waliyaingiza nchini kama vipuri vya trekta, na Jumatatu angesimama mahakamani kuwataja. Kila asubuhi alipigwa eksirei, kwa filamu za kiwanda kile. Chumba cha kusafishia picha kilikuwa nyuma ya kitanda chake, ukuta mmoja tu katikati. Fundi angefungua sanduku jipya chini ya taa yake nyekundu, na taa hiyo ingetosha kuliamsha jicho.

Ni mpango wa watu wenye akili na wasio na haya. Hakuna mlinzi duniani anayefungua sanduku la filamu kulikagua, maana akilifungua ameliharibu.

"Nimezuia lori la hospitali lisiondoke kiwandani," alisema Mkuu. "Naleta askari. Saa tatu kamili wanaingia, tunawasha taa, tunapekua kila kitu."

"Ukiwasha taa na lile sanduku likiwa wazi, umeua watu wote walio ndani."



"Ndani kuna wangapi?"

"Kumi na mmoja. Mmoja ni mjomba wangu."

"Una mpaka saa tatu," alisema Mkuu, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari ameshazika.

*

Msimamizi wa zamu alikuwa mama mmoja mnene mwenye funguo nyingi shingoni, na alimpokea Sindano mlango wa nyuma bila kuuliza kitambulisho mara mbili. Waliharakisha kupita chumba cha mapipa, ambako jelatini iliyochemshwa kutoka mifupa na ngozi za ng'ombe ilikuwa ikiyeyuka taratibu. Walipita chumba cha pili, ambako madini ya fedha huyeyushwa kwa tindikali hadi yawe chumvi inayoogopa jua. Vitu hivyo viwili vikichanganywa na kuivishwa kwa joto dogo hutoa uji mzito ambao watu wa pale waliuita maziwa. Maziwa hayo ndiyo hupakwa kwenye plastiki safi, gizani, yakapozwa yagande, kisha yakakaushwa kwenye handaki refu la hewa safi. Mama alieleza haya akitembea, kwa sababu alikuwa na hofu, na watu wengine wakiogopa huelezea kazi yao.

Mlango wa giza ulikuwa mbele yao. Kando yake kulikuwa na swichi kubwa nyekundu ya taa zote za ndani, imefungwa kwa kifuniko cha kioo. Upande wa pili kulikuwa na bomba lililopita ukutani, la msimamizi kusikilizia.

Sindano aliuliza nani yuko ndani. Kumi na wawili, mama alijibu. Mkata filamu mmoja alirudi mapema kutoka likizo, kadi yake ikapita vizuri. Uso hakuuona, kwani wote huingia na ovaroli nyeupe, kofia na barakoa. Alimsikia akipiga mluzi wake mara mbili tatu, kisha akanyamaza.

"Ila mjomba wako leo ana raha zake," aliongeza, akijaribu kutabasamu. "Pancha ameziba. Nadhani amewekewa yale meno."

Sindano aligeukia bomba.

Wiki mbili nyuma mjomba aling'olewa meno mawili ya mbele. Jumapili mezani alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja, akilalamika kwamba siku hizi anatoa upepo tu kama tairi, na wenzake kazini wameshambandika jina la Pancha. Daktari alimwahidi meno ya bandia. Mwezi ujao.

Aliweka sikio kwenye bomba.

Miluzi ilikuwa ikizunguka gizani, mmoja unaparua, mwingine unadekadeka. Katikati yake ulikuwepo ule. Ngazi tatu, mteremko, kimkia. Safi kabisa, bila hata tone la upepo, kama kwenye kile kinasa sauti.

Wenzake waliusikia, wakafurahi. Haikumwingia mtu akilini kwamba sura ya mtu inaweza kuvaliwa na mwingine.

Saa mbili na dakika thelathini na nane.

Sindano alianza kuvua. Saa ya Casio, kwa sababu mishale yake inang'aa. Simu. Redio yenye kitaa cha kijani. Miwani ya kuonea usiku, ambayo hutoa miali yake yenyewe na hakuwa tayari kujaribu kama jicho lile lingeiona. Mwisho akaiweka Glock mkononi mwa mama. Risasi moja ina mwako wa kutosha kuwamaliza wote.

Alibaki na waya mwembamba ulioshonewa ndani ya mkanda, na mikono yake.

"Mtu yeyote asiguse hiyo swichi," alisema. "Hata akija Mkuu mwenyewe. Nitagonga bomba mara tatu nikimaliza."

Mama aliliegemeza kundi la funguo kwenye kile kioo, akasimama mbele yake na upana wake wote.

*

Kona tatu za ukuta mweusi. Baada ya kona ya tatu, hakukuwa na kitu.

Giza la kweli si kama lile la chumbani taa ikizimwa. Lile hungoja macho yazoee. Hili halingoji chochote. Sindano aliweka mkono wa kulia kwenye chuma cha ukutani na kuhesabu hatua. Joto la handaki la kukaushia lilikuwa kushoto kwake, na filamu ilipita juu kwa mvumo mdogo usiokatika. Harufu ya mifupa iliyochemshwa. Chini yake, harufu nyingine, ya chuma.

Damu.

Alitakiwa kupiga mluzi, na hakuwa na wake. Kisha akakumbuka kwamba anao mmoja, aliouacha dirishani miaka mingi iliyopita.

Akapiga. Sauti fupi, kisha ndefu.

Mluzi ule safi, uliokuwa ukitoka kwenye meza ya kufungia masanduku, ulikatika ghafla. Yule aliyeuiba hakujua kama una jibu.

Na kutoka sakafuni, hatua nne mbele, kitu kilijibu. Hakikuwa mluzi. Ulikuwa upepo unaovuja kwenye pengo, ukipanda ngazi tatu kwa taabu. Kimkia hakikufika.

Sindano alipiga magoti, akapapasa. Ovaroli iliyolowa. Shingo. Kidevu chenye vinyweleo alivyovijua.

"Unanuka petroli," mjomba alinong'ona. "Bima gani hiyo."

Alitaka kulia, akakosa nafasi. Sauti ilitoka kwenye meza ya kufungia, tulivu kama ya karani wa benki.

"Wewe uliyeingia. Sanduku liko wazi mbele yangu, na nina kiberiti cha gesi mkononi. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Basi kila mtu abaki alipo. Mimi nitatoka. Nikishatoka, hamtaniona tena."

Sindano alijua kwamba hiyo, angalau, ilikuwa kweli. Swichi ya taa iko nje ya mlango. Akimwangusha mama yule na kuigusa, hakuna ambaye angebaki wa kumwona. Na kama hatoki, saa tatu askari wangeingia na tochi zao.

Alimjibu kwamba anafikiria. Alimwuliza kama ana uhakika na njia. Maneno matupu, ya kuvuta muda. Wakati huohuo kitu kilimgusa mguu. Mkono wa mjomba ulikuwa ukisukuma ndoo kidogokidogo, ikikwaruza sakafu. Sindano alitumbukiza kidole. Uvuguvugu, mzito. Maziwa yaliyokingwa wakati wa kusafisha mashine, lita kumi hivi.

"Mkono wake," mjomba alinong'ona. "Kiberiti kikilowa hakiwaki."

Tatizo lilikuwa hatua. Jamaa alikuwa akisikiliza, na sakafu ile inasema kila kitu.

Fundi wa mashine ndiye aliyeanza. Labda alisikia ndoo. Labda alielewa tu, kama watu waliozeeka pamoja wanavyoelewana. Alipiga mluzi wake kwa nguvu, ule wa kuparua. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Ghafla ukumbi mzima ukajaa, watu kumi, miluzi kumi, kila mmoja wake na kwa pumzi zake zote. Hakuna aliyekimbia. Walisimama palepale na visu vyao na magurudumu yao, kifo kikiwa mezani, wakapiga.

Sindano alinyanyua ndoo na kutembea.

Kila aliyesimama mle ndani alikuwa na sauti, isipokuwa yeye mwenyewe na mtu mmoja.

"Nyamazeni!" mtu huyo alifoka.

Lilikuwa kosa lake la mwisho. Sauti ilikuwa hatua mbili mbele, kushoto kidogo. Sindano alimwaga ndoo yote usawa wa kifua.

Tap, kiberiti kililia.

Hakuna.

Tap. Tap.

Hakuna. Sindano alikuwa juu yake tayari. Kisu kilimpitia mkono wa kushoto, kirefu, moto. Hakukiachia kiwiko cha jamaa. Alikisokota mpaka kikasema kha, kisha akampiga paji la uso kwenye ukingo wa meza, mara moja kwa ajili ya kazi na mara moja kwa ajili yake mwenyewe. Waya wa mkanda ukazunguka vifundo vya mikono ya jamaa na kukazwa.

Miluzi ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

"Amelala," alisema Sindano, akihema. "Sanduku bado liko wazi. Mtu yeyote asitikise kitu."

*

Wakamsogeza mjomba karibu na meza, kwa sababu alitaka hivyo. Hakuna mwingine aliyefunga masanduku mle ndani kwa miaka thelathini na moja, na Sindano hakuwa ameshika hata moja. Mjomba alimwongoza kwa pumzi zilizobaki. Weka kiganja chini ya mfuko, usiguse juu. Kunja mdomo mara mbili. Bana kwa kidole gumba. Utepe wa gundi uko kulia, usiuvute kwa pupa, ukivutwa kwa pupa unatoa cheche.

"Cheche?" Sindano aliuliza, na jasho likamtoka upya.

"Ndogo. Taratibu tu, mwanangu. Kama unambandua mtoto plasta."

Akauvuta taratibu. Ilimchukua muda mrefu kuliko safari yote ya pikipiki. Kisha mfuko wa pili, mdomo wake chini, mkunjo mara mbili tena. Kisha sanduku. Kifuniko kikakaa.

"Vizuri," alisema mjomba, kwa sauti aliyokuwa akikagulia daftari zake za shule. Baadaye akauliza, "Nani yuko kwenye mashine?"

"Mimi, kaka," fundi wa mashine alijibu gizani. "Inakwenda vizuri."

"Haijakauka bado?"

"Dakika arobaini hivi. Ni ile uliyoianzisha asubuhi."

Mjomba hakusema tena. Sindano alimshika mkono, akangoja ule upepo kwenye pengo. Alingoja hadi alipoelewa. Ilimuuma kwamba hakuweza hata kumwona uso, na ilimuuma zaidi kwamba mjomba, kati ya watu wote, asingeona ajabu kwa hilo.

Akaenda kugonga bomba. Mara tatu.

Nje mwanga ulimpiga kama kofi. Askari ishirini walikuwa wamepanga mstari, na Mkuu alikuwa akibishana na mama wa funguo, ambaye hakuwa amesogea hata inchi moja. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika moja.

Sindano alitoa taarifa. Sanduku limefungwa, salama kubebwa, likalipuliwe shimoni mbali na watu. Jamaa amefungwa, anapumua, atasema. Majeruhi mmoja. Marehemu mmoja.

Mkuu alitazama mkono wake unaotiririka damu, akatazama pembeni.

"Pole," alisema. "Washeni taa tuutoe mwili."

"Hapana."

"Sindano, hatari imeisha."

"Kuna filamu ndani ya handaki, haijakauka. Aliianzisha yeye leo asubuhi. Miaka thelathini na moja hajawahi kuunguza hata kipande kimoja kwa mwanga." Alisema bila kupandisha sauti. "Msiwashe taa."

Mkuu aliwageukia watu wake. Aliwaashiria askari wakae chini.

Wakamtoa gizani, kama alivyoingia. Waliokuwa nje walianza kwa kusikia miluzi, kumi, ikija polepole kupitia kona tatu, kila mmoja na wake, ili wasigongane wakiwa wamembeba. Waliacha nafasi moja katikati. Ilisikika wazi kabisa nafasi hiyo.

Mama wa zamu alifunika uso kwa aproni.

Wiki mbili baadaye, fundi wa eksirei angefungua sanduku moja la filamu ile, chini ya taa yake nyekundu, na pafu la karani lingeonekana limepona. Wenye suti nzuri wangekuwa wameshatajwa, jina kwa jina. Siku ile hakuna aliyeyajua hayo. Sindano alivaa Casio yake, akapachika Glock kiunoni, akafunga kitambaa kwenye jeraha kwa meno. Mkuu alimwambia apumzike siku tatu. Alijibu kwamba siku mbili zinatosha, akapanda Yamaha.

Kabla ya kuwasha alijaribu mluzi. Ngazi tatu, mteremko, kimkia.

Alikuwa na meno yote. Lakini ulitoka upepo mtupu.

Akawasha pikipiki na kuondoka.